Kijani cha Wodi ya Sita

Chumba unamolala kina rangi gani? Usigeuze shingo kutazama. Jibu hapo hapo ulipo, macho kwenye ukurasa.

Umesita. Basi usimcheke huyu tunayemsimulia, maana naye angesita, na kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kupaka rangi kuta.

Alikuwa fundi rangi wa hospitali. Si fundi wa kuitwa akapaka akaondoka. Aliajiriwa pale, ana kabati lake lenye kufuli karibu na chumba cha kufulia, na ovaroli mbili, moja mwilini na moja kambani. Hospitali ilikuwa na wodi kumi na nne. Alianza na ya kwanza, akaenda akipaka, na alipofika ya kumi na nne ile ya kwanza ilikuwa imeshachubuliwa na vitanda vya magurudumu na kupakazwa jasho la migongo ya watu wanaongoja. Anarudi mwanzo. Wauguzi walimbandika jina la Daktari wa Kuta, likamganda.

"Daktari, wagonjwa wako wanaendeleaje?" walimuuliza wakipishana naye kwenye korido.

"Wangu hawalalamiki," hujibu bila kucheka. "Wanabanduka tu."

Rangi ilikuwa moja kwa wodi zote. Kijani kizito cha mafuta kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, na juu yake rangi ya maziwa hadi darini. Ni nani aliyeamua kwamba kila anayeugua apende kijani? Hakuna aliyewahi kumuuliza mgonjwa. Kijani kinaficha uchafu, hiyo ndiyo hoja yote. Mtu analazwa, anavuliwa nguo zake, anapewa namba, kisha anageuziwa uso kwenye rangi iliyochaguliwa kwa sababu haionyeshi uchafu. Nasi tunaizoea, na tukishaizoea tunaibeba hadi majumbani mwetu na kuiita rangi ya heshima.

Daktari wa Kuta aliibeba kweli. Kila wodi ilipomalizika, msimamizi wa stoo alimwambia achukue masalio ya kopo, kwani rangi iliyokwisha kufunguliwa hukauka bure. Kwake sebule ilikuwa ya chokaa na jiko lilikuwa la moshi, lakini chumba cha kulala kilipendeza: kijani hadi usawa wa kifua, maziwa hadi darini, na mstari wa katikati umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mkono wake haukujua mstari mwingine.

Mkewe hakuupenda.

"Baba watoto, mimi naomba njano," alisema. "Ile ya kiini cha yai."

"Njano inashika uchafu."

"Uchafu wa nani? Tunalala humo wawili, na mmoja ni fundi rangi."

"Nitapaka nikipata nafasi."

"Nafasi unazo kumi na nne, kila moja ina namba mlangoni. Mimi tu ndiye sina namba."

Walicheka. Mwaka uliofuata aliomba tena, na uliofuata, mpaka ombi likawa utani wa nyumbani. Akija jirani mwenye nguo ya njano, mama yule hujifanya kuipapasa ukutani. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na husema wakitabasamu. Miaka kumi na moja mwanamke aliomba kazi ya siku moja. Tunawasifu wake zetu kwa subira, tena tunawasifu mbele za watu, ili wasiache kusubiri.

Kisha akaugua, akalazwa wodi ya sita, ambayo mumewe alikuwa ameipaka kwa mkono wake mara saba.

"Haya," alisema siku ya kwanza, akiuangalia mlango. "Sasa na mimi nina namba."

Wiki ya tisa madaktari walianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Mgonjwa hakuhitaji kutafsiriwa. Alimshika mumewe mkono wa ovaroli akasema, "Sitaki kufia hapa. Nipeleke kwangu. Nikafe kwenye kitanda changu."

Mumewe alifanya yote. Alisaini karatasi, aliazima gari la mwenzake wa kazini, alimbeba mkewe mikononi kutoka garini hadi kitandani, naye alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Dawa zilikuwa zimemlaza njia nzima. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto, alivyozoea miaka yote, uso kwenye ukuta.

Saa kumi alasiri mgonjwa akaamka. Akauangalia ukuta muda mrefu.

"Mbona hatujaondoka?"

"Tumefika, mama. Uko nyumbani."

"Usinifanye mtoto."

Mumewe akaleta kikombe chake cha bati chenye ua lililofifia, akamnywesha maji. Mgonjwa akakigeuza kikombe, akakitambua.

"Wauguzi wa zamu hii ni wema," alisema. "Wamekubali niletewe kikombe changu."

Binti yao alikuja akakaa siku nne, akarudi kwa mumewe. Dada mkubwa wa mgonjwa, fundi cherehani mwenye ulimi usio na pindo, alikuja kila siku, na kila siku alishukuriwa kwa kuwahi saa za kutazama wagonjwa. Na kila alasiri, jua likifika dirishani, ombi lilikuwa lile lile: nirudishe nyumbani. Mwanzoni kwa hasira. Halafu kwa machozi. Siku za mwisho kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni ofisini, na hiyo adabu ndiyo iliyomvunja mzee mifupa.

"Samahani, kaka," alimwambia mumewe siku ya kumi na tisa. "Wewe ni wa hapa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Ukimwona mume wangu mwambie nimechoka kungoja. Anafanya kazi ya rangi. Wanamjua wote."

"Nitamwambia."

"Ahsante sana."

Alifariki kesho yake, kabla ya saa kumi.

Watu wote walisema ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani. Mumewe alikubali, maana ni neno linalompa mtu usingizi. Wiki tatu baada ya mazishi alirudi kazini. Zamu ilikuwa ya wodi ya sita. Alifungua kopo, akakoroga, akachovya brashi, akachuchumaa kuanza kwenye kona karibu na kitanda, na macho yake yakawa usawa wa macho ya mtu aliyelala.

Brashi ikabaki hewani.

Kijani hadi kifuani. Maziwa juu. Mstari ulionyooka.

Nyani haoni kundule, na Daktari wa Kuta hakuwa ameuona ukuta wa chumba chake. Mkewe aliuona. Alikuwa na akili timamu siku zote kumi na tisa, na alichokiona ni wodi. Rangi ya kijani ikadondoka sakafuni tone kwa tone, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, "Mzee, unamwaga."

Tangu siku hiyo alikifunga chumba kile na kulala kwenye kochi la sebuleni. Na tangu siku hiyo, saa kumi alasiri, kama yuko nyumbani, alisikia sauti nyuma ya mlango. Si ukelele. Angeuvumilia ukelele. Ilikuwa sauti ya adabu: *Samahani, kaka.* Wakati mwingine alijibu, "Nitamwambia," halafu akajiona mpumbavu, akawasha redio. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Mwezi wa saba binti yake alipiga simu.

"Baba, nakuja Jumamosi na mjukuu wako. Nitakaa miezi miwili, mpaka nipate nguvu."

"Karibu, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Ana wiki tatu na makelele ya miaka thelathini. Baba, tutalala kile chumba?"

Mzee aliutazama mlango uliofungwa.

"Nisikilize. Kipake rangi. Rangi yoyote, mradi si ile. Nikikumbuka Mama na ile kijani napata baridi. Kama hakijapakwa, bora nikae kwa mama mkwe na maneno yake."

"Kitapakwa," alisema.

Jumatatu alikwenda dukani. Muuza rangi alimfahamu tangu ujana.

"Daktari! Leo mgonjwa ni nani?"

"Chumba changu."

"Hatimaye! Nikupe njano ya shemeji? Kila Jumapili alikuwa anapita hapa kuitazama kwenye kadi ya rangi. Anaiwekea kidole, ananiuliza kama bado inatengenezwa. Namwambia ipo, mama, ipo tu."

Hilo mzee hakulijua. Alishika kaunta.

"Nipe," alisema. "Na kopo dogo la kijani."

"Njano na kijani? Unapaka chumba au bendera?"

Kazini alikuwa na sheria moja aliyowafundisha wote waliopita chini ya mkono wake: rangi haichaguliwi kwenye kopo. Paka kiraka ukutani, kiraka cha kila rangi, ukiangalie asubuhi, mchana na alasiri, ndipo uamue. Alikifungua chumba. Hewa ilikuwa nzito na tamu kidogo, ya dawa. Akapaka viraka viwili kando ya dirisha, ukubwa wa sinia, akaleta kiti, akakaa.

Asubuhi njano ilikuwa kali kama kelele za watoto. Mchana ilitulia. Alasiri jua lilipoigusa, chumba kizima kiliipokea, mpaka shuka jeupe likapata joto. Kijani saa ile kilizama, kikawa maji ya kisima. Hapakuwa na cha kulinganisha. Hata mtu wa macho mabovu angechagua. Ndiyo maana alishindwa kuipaka. Mkewe angetosheka na siku moja ya kazi, mwaka wowote kati ya ile kumi na moja. Kuipaka sasa, kwa siku moja, kungekuwa kuandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba iliwezekana.

Na palikuwa na jambo la pili. Jumatano shemeji yake, yule fundi cherehani, aliingia bila kubisha, sindano mbili zimechomekwa kifuani.

"Shemeji, nasikia unapaka."

"Nafikiria."

"Tangu lini mwanamume akafikiria rangi?" Kisha akakaribia kitanda, na sauti ikamshuka. "Na hapa utafanyaje?"

Juu kidogo ya mto, kwenye kijani, palikuwa na alama iliyong'aa. Mgonjwa alikuwa akishika ukuta kila alipojigeuza, na mafuta ya kiganja chake yalikuwa yameingia. Ukiangalia kwa upande, ulikuwa mkono, vidole na vyote.

"Rangi haishiki juu ya mafuta," mzee alisema. "Lazima nioshe kwa sabuni, halafu nipige msasa."

"Umuoshe mdogo wangu kwa sabuni?"

"Si yeye. Ni ukuta."

"Basi kama ni ukuta tu, mbona hujauosha tangu Jumatatu?" Akageuka kuelekea mlangoni. "Kiache chumba kijani, shemeji. Huyo binti ataelewa. Watoto wa siku hizi wanataka kila kitu kiwe kipya, hata wafu."

Baada ya kuondoka kwake, saa kumi ilifika, naye alikuwa bado ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti akiwa upande ule wa mlango. Haikutoka popote. Ilikuwa chumbani kama harufu ya dawa ilivyokuwa chumbani. *Samahani, kaka. Hujamwona bado?* Nywele za mikono zilimsimama. Hakukimbia. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kama ndugu wa mgonjwa anayengoja kuitwa, akaelewa kitu kilichomtia hofu kuliko sauti yenyewe: madhali ukuta huu ni kijani, mkewe bado yuko wodini. Na akiufunika ukuta, je, amemtoa au amempigilia humo humo?

Alhamisi alipaka. Aliamka alfajiri, akasogeza kitanda katikati, akatandika magazeti. Akaanza na ukuta wa mlango, akafuata wa kabati, kisha wa dirisha, mara mbili kila mmoja, rangi ya maji isiyo na harufu kali, kutoka sakafuni hadi darini. Mkono ulihangaika, mara tatu ulisimama wenyewe usawa wa kifua, pale mstari ulipozoea kuwa, naye akausukuma upite. Mchana aliufikia ukuta wa nne. Akaleta ndoo, sabuni na kitambaa. Akachovya kitambaa, akakikamua, akakipeleka kwenye alama, akakirudisha ndooni. Akakipeleka tena. Maji yakapoa. Mwisho akayamwaga uani, akakirudisha kitanda mahali pake, akafungua madirisha yote na kuyaacha hivyo siku mbili.

Jumamosi mchana binti alifika. Salamu zilikuwa ndefu na mtoto alipita mikononi, akamkojolea babu yake, wakacheka. Kisha binti akaenda chumbani, mtoto begani, na kicheko kikamkatikia mlangoni.

"Baba. Huu mmoja vipi? Rangi iliisha?"

"Haikuisha."

"Ulichoka?"

"Sikuchoka."

"Basi nieleze, maana mimi na huyu ndio tutakaolala hapa."

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kujitetea mbele ya msimamizi. Kopo la masalio, miaka kumi na moja, kikombe cha bati, wodi ya sita na brashi iliyobaki hewani. Neno la siku ya kumi na tisa alilitoa vipande vipande. Sauti ya saa kumi nayo akaisema. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo Mama hakuwa amechanganyikiwa."

"Hakuwa."

"Alikuwa anaona sawasawa. Sisi ndio tulikuwa vipofu."

"Mimi, mwanangu. Usijitie."

"Nijitie nisijitie, nimo." Alikuwa akiutazama ukuta, si baba yake. "Siku naondoka aliniomba nimpeleke nyumbani. Nilikuwa sijalala siku nne. Nikamwambia, Mama, nyamaza, umenichosha. Akasema, samahani, nesi. Nikaondoka."

Hilo nalo mzee hakulijua. Akaona hana haki ya kumfariji mtu kwa jeraha lililotoka kwenye brashi yake mwenyewe.

"Nikulaumu?" binti aliuliza. "Nataka kukulaumu, Baba. Nimekuwa natafuta wa kumlaumu tangu siku ile."

"Nilaumu."

"Ulikuwa na kopo moja tu la kununua."

"Ndiyo."

"Kopo moja!" Alipiga kelele, mtoto akashtuka, akalia, na kilio hicho kikawapa wote wawili kazi ya kufanya. Mtoto alipotulia, mzee akageukia mlango.

"Ngoja niuoshe sasa hivi. Jioni utakuwa umekauka."

"Usiuguse."

"Ulisema ukiuona unapata baridi."

"Nitaipata. Acha nilale nautazama. Siku zote nne niliketi nimeupa mgongo."

Saa kumi ilipita wakiwa jikoni, binti akimenya vitunguu na mzee akimbembeleza mjukuu. Alipokumbuka kusikiliza, saa ilikuwa imeshapita, na hakujua kama sauti ilikuja ikakuta hakuna mtu.

Asubuhi iliyofuata alichemsha chai, akajaza kikombe, akaenda kumpelekea binti yake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Binti alikuwa amelala usingizi mzito wa mzazi mpya, kinywa wazi, mkono mmoja umezunguka mtoto. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kushoto, uso kwenye ukuta wa kijani.

Daktari wa kweli atakwambia kwamba mtoto wa wiki nne haoni mbali, na kwamba jicho lake huvutwa na mahali rangi mbili zinapokutana. Huenda ni hivyo.

Mzee alisimama mlangoni, akatazama. Macho ya mtoto yalikuwa yametulia juu kidogo ya mto. Kisha yakaanza kusogea. Hayakurukaruka kama macho ya watoto wachanga yanavyorukaruka. Yalikwenda polepole, kwa mwendo wa mgonjwa anayejifunza tena kutembea, yakafuata kijani hadi kwenye kona. Hapo yakasimama, kama mtu anayevuta pumzi. Yakavuka, yakaingia kwenye njano. Yakaendelea na njano, chini ya dirisha, mbele ya kabati, kichwa kidogo kikigeuka taratibu juu ya mkono wa mama yake, mpaka yakafika mlangoni, yakatua hapo hapo aliposimama.

Mzee aliegemeza mgongo kwenye fremu ya mlango, akainua kikombe juu kisimwagike, akampisha mgonjwa wake apite.